Kifungu Kwanza au Kauli Kwanza: Njia Mbili za Kujibu Maswali ya Kweli, Si Kweli na Haikusemwa katika IELTS

Anayejiandaa kwa mtihani wa Kiingereza wa IELTS hukutana mapema na mashauri mawili yasiyopatana. Wako walimu wanaomwambia asome kifungu chote cha habari, tangu neno la kwanza hadi la mwisho, ndipo ageukie maswali. Na wako wanaomwambia asikiguse kifungu kabla hajazisoma kauli anazotakiwa kuzipima, kisha ashuke na kauli na kifungu sambamba. Pande zote mbili zina hoja, na pande zote mbili zina wanafunzi waliofaulu. Nilianza kufundisha kwa njia ya kwanza, nikahamia ya pili, na hadi leo wapo wanafunzi ninaowarudisha kwenye ile ya kwanza kwa makusudi. Hapa naziweka njia hizo bega kwa bega, nikizingatia aina moja tu ya swali, ile inayowasumbua watahiniwa wetu kuliko nyingine zote: swali linalotaka jibu la "True", "False" au "Not Given".

Majibu mawili ya kwanza nitayaita Kweli na Si Kweli, kama tulivyozoea tangu shule ya msingi. La tatu wengi hulitafsiri kuwa "Haikutajwa", na naamini kwamba tafsiri hiyo yenyewe ni mzizi wa makosa mengi. Mtahiniwa aliyekariri neno "haikutajwa" hutafuta jambo ambalo halimo kabisa katika kifungu. Akikuta mji, mtu au mwaka ulio kwenye kauli umeandikwa pia kifunguni, hujiambia kwamba jambo limeshatajwa, akaliondoa jibu la tatu na kubaki na mawili. Kumbe watunzi wa mtihani karibu kila mara hulitaja jambo lenyewe. Wasichokisema ni kile ambacho kauli inadai juu ya jambo hilo. Kwa sababu hiyo nitaliita jibu la tatu Haikusemwa, na ningependa msomaji alizoee jina hilo kabla hatujaendelea.

Uzito wa jambo hili unaonekana kwenye hesabu. Sehemu ya kusoma ina maswali 40 na dakika 60, kila swali lina alama moja, na jibu lisilo sahihi halipunguzi alama ya jibu jingine. Muuguzi anayetaka kusajiliwa Uingereza hutakiwa kupata angalau 7.0 kati ya 9 katika kusoma kwenye IELTS ya kitaaluma ("Academic"), na kwa wastani uliotangazwa na wenye mtihani, kiwango hicho hupatikana kwa majibu sahihi 30 hivi kati ya 40. Anayeomba kuhamia Kanada kwa mpango wa Express Entry hufanya IELTS ya mafunzo ya jumla ("General Training"), ambayo vifungu vyake ni vyepesi zaidi, lakini kwa sababu ya wepesi huo 7.0 hudai majibu sahihi 34 hivi. Maana yake ni kwamba huyu wa pili ana nafasi ya kukosa maswali sita tu katika saa nzima. Kundi moja la maswali ya Kweli, Si Kweli na Haikusemwa huwa na kauli tano, sita au saba. Akikosea nusu yake, ameshatumia nusu ya akiba yake yote kwenye ukurasa mmoja. Mwishoni mwa mwaka 2021, Mutahi Kagwe, aliyekuwa Waziri wa Afya wa Kenya, alieleza hadharani kwamba kati ya wauguzi 300 waliofanya mtihani wa Kiingereza ili waende kufanya kazi Uingereza, waliofaulu walikuwa 10 tu. Mjadala uliofuata ulihusu zaidi kiwango cha Kiingereza chetu. Kwa niliyoyaona mezani na wanafunzi wa aina hiyo, Kiingereza cha wengi wao kinatosha kabisa kukielewa kifungu. Kinachowaangusha ni kwamba hakuna aliyewahi kuwafundisha jibu la tatu. Shuleni tuliandika KWELI au SI KWELI, basi. Isiyokuwa kweli ilikuwa si kweli, na hapakuwa na mlango mwingine.

Kipimo ambacho njia zote mbili zinakitegemea

Kabla ya kulinganisha njia za kusoma, ni lazima tukubaliane juu ya namna ya kutoa hukumu, maana mtu akihukumu vibaya hakuna njia ya kusoma itakayomwokoa. Nimezoea kuanza na Kiswahili, ili mwanafunzi aone kwamba tatizo si msamiati. Soma aya hii fupi niliyoiandika kwa ajili ya mazoezi:

Ujenzi wa reli ya Uganda ulianza Mombasa mwaka 1896. Vibarua zaidi ya 30,000 waliletwa kutoka India kwa mikataba, na wengine waliajiriwa kutoka jamii za Afrika Mashariki. Reli ilifika mahali palipo na Nairobi ya leo mwaka 1899, na kufikia mwisho wa mwaka 1901 ilikuwa imegusa ufuko wa Ziwa Viktoria huko Kisumu. Mikataba ilipokwisha, sehemu kubwa ya vibarua wa India walirejea kwao. Kati ya waliobaki, baadhi walifungua maduka kando ya njia ya reli.

Sasa pima kauli tano. Ya kwanza: vibarua wote wa reli waliletwa kutoka India. Ya pili: vibarua kutoka India walilipwa zaidi ya wale walioajiriwa Afrika Mashariki. Ya tatu: simba waliwaua vibarua wakati wa ujenzi. Ya nne: reli ilifika Nairobi kabla ya kufika Kisumu. Ya tano: zaidi ya nusu ya vibarua wa India walibaki Afrika Mashariki baada ya mikataba yao kwisha.

Ya nne ni Kweli, na haina ubishi, ingawa aya haikutumia neno "kabla". Miaka miwili iliyotajwa inatosha kuithibitisha. Ya kwanza ni Si Kweli, kwa sababu aya inasema wapo walioajiriwa kwingine. Ya tano nayo ni Si Kweli, kwa kuwa sehemu kubwa walirejea kwao. Ya pili inawatega wengi: vibarua wa India wamo, vibarua wa Afrika Mashariki wamo, kazi imo, ila ulinganisho wa malipo haumo, kwa hiyo jibu ni Haikusemwa. Kauli inayolinganisha vitu viwili ambavyo kifungu kimevitaja kimoja kimoja bila kuvilinganisha ni mtego ninaouona mara nyingi mno katika mitihani ya mazoezi.

Kauli ya tatu ndiyo ninayoipenda kufundishia. Muuguzi mmoja wa Mombasa, msomaji mzuri wa Kiingereza na Kiswahili, aliandika Kweli bila kusita. Nilipomwomba anionyeshe mstari, alipitisha kidole kwenye aya mara mbili, akainua kichwa.

"Lakini mwalimu, simba wa Tsavo walikuwapo! Kila mtu anajua."

"Walikuwapo, dada, mwaka 1898. Kwenye karatasi hii hawapo."

Akafuta jibu lake kwa raba, akaandika Si Kweli, akatulia kidogo, akalifuta tena. Mfuto ule wa pili ndio uliokuwa somo. Kauli haikuwa imekanushwa na aya. Ilikuwa haikusemwa, basi. Mtu anayejua sana huumia zaidi kwenye mtihani huu kuliko asiyejua, kwa kuwa ujuzi wake hujaza pengo ambalo mtunzi ameliacha kwa makusudi. Muuguzi akisoma kifungu kinachohusu chanjo, au mhasibu akisoma kinachohusu benki, inampasa awe mwangalifu maradufu.

Kutokana na mfano huo nimebaki na kipimo kimoja ambacho hakijanifelisha: usiandike Si Kweli mpaka uweze kuisahihisha kauli kwa maneno yaliyomo kifunguni. Kauli ya kwanza inasahihishika: "si wote, wengine waliajiriwa kutoka jamii za Afrika Mashariki." Ya tano inasahihishika: "la, sehemu kubwa walirejea." Ya pili jaribu kuisahihisha, utasema nini? Kwamba walilipwa sawa? Kwamba walilipwa pungufu? Huna mstari wa kukutetea kwa lolote kati ya hayo, na kukosa mstari huko ndiko jibu lenyewe.

Kusoma kifungu chote kwanza

Faida kubwa ya njia hii ni kwamba mtahiniwa anaufahamu mwenendo wa hoja. Anajua aya ya tatu inaeleza sababu na aya ya tano inaeleza matokeo, kwa hiyo anapofika kwenye kauli anajua aelekee wapi. Kifungu kimoja katika IELTS ya kitaaluma huwa na maswali 13 au 14, na maswali hayo huchanganya aina mbili tatu. Pakiwa na swali la kuoanisha vichwa vya habari na aya, usomaji wa kwanza hulipa deni lake palepale, kwa sababu kichwa cha aya hakiwezi kuchaguliwa bila kuielewa aya nzima.

Gharama yake ni muda. Vifungu vitatu vya mtihani wa kitaaluma kwa jumla huwa na maneno kati ya 2,150 na 2,750, yaani kifungu kimoja kinaweza kukaribia maneno 900, na kila kifungu hutengewa dakika 20 hivi. Msomaji anayekwenda maneno 150 kwa dakika, mwendo wa kawaida kwa anayesoma lugha ya pili kwa makini, atatumia dakika sita kabla hajaona swali hata moja. Zinabaki 14 za maswali 14, na ndani ya dakika hizo inambidi arudi kifunguni kwa kila jibu.

Yule muuguzi wa simba alikuwa msomaji wa njia hii, na kosa lake ndilo kosa la njia yenyewe pia. Mtu akishasoma kifungu chote na kukifurahia, huona anakijua. Hujibu kwa kumbukumbu. Na kumbukumbu, hasa mtu akiwa na haraka, haitofautishi alichokisoma dakika nne zilizopita na alichokisoma mwaka juzi au alichosimuliwa na babu yake. Kwa maswali mengine hasara ni ndogo. Kwa jibu la Haikusemwa hasara ni kubwa, maana jibu hilo linategemea kujua kwa hakika kwamba jambo fulani halimo, na hakuna kumbukumbu iwezayo kuthibitisha kutokuwapo kwa kitu.

Kuanza na kauli

Njia hii inajengwa juu ya jambo moja ambalo wenye mtihani wenyewe wameliweka wazi: kauli za aina hii hufuata mpangilio wa kifungu. Jibu la kauli ya pili haliwezi kuwa juu ya jibu la kauli ya kwanza. Ukirudi kwenye aya yetu ya reli utaona nilizipanga kauli vivyo hivyo. Ya kwanza jibu lake limo katika sentensi ya pili, na ya nne jibu lake limo katika sentensi ya tatu. Basi kauli ya pili na ya tatu, kama zimesemwa, zimesemwa kati ya sehemu hizo mbili na si kwingine. Unasoma hapo katikati kwa utulivu, mara mbili ukipenda, na usipokuta ulinganisho wa malipo wala simba, unaandika Haikusemwa kwa moyo mkunjufu.

Nasisitiza jambo hili kwa sababu swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: nitafute mpaka lini ndipo nikubali kwamba halimo? Anayesoma kifungu kwanza na kujibu kwa kumbukumbu hana jibu la swali hilo. Atazunguka kifungu kizima akihofia kwamba kuna mstari umempita. Anayeshuka na kauli kwa mpangilio ana uzio wa juu na uzio wa chini. Ushauri wangu ni kwamba ukikwama kwenye kauli moja usisimame hapo. Nenda kwenye inayofuata, ipatie mstari wake, kisha urudi. Ile iliyokukwamisha sasa imebanwa pande zote mbili.

Njia hii nayo ina madhara yake, na ni mawili. La kwanza ni kukimbilia maneno. Mwanafunzi huchukua neno "Nairobi" kutoka kwenye kauli, hulisaka kwa macho, hulikuta, husoma maneno matano kulia na matano kushoto, hujibu. Huo si usomaji, na watunzi wanaujua. Huweka neno lile lile la kauli mahali pasipo na jibu, na jibu lenyewe hulivalisha maneno mengine. Anayeanza na kauli lazima asome sentensi nzima anayoipata, pamoja na iliyotangulia na inayofuata. Madhara ya pili ni ya kimya zaidi: kauli ikisomwa kwanza hukaa akilini kama habari ya kweli, na msomaji anapoona nusu yake imethibitishwa kifunguni huitia tiki yote. Dawa yake ni kuigawa kauli kabla ya kushuka. Katika kauli "vibarua wote wa reli waliletwa kutoka India" mna madai matatu: walikuwa vibarua wa reli, walitoka India, na walikuwa wote. Mawili yamo kifunguni. Hukumu iko kwenye la tatu, na katika maswali ya aina hii neno dogo linalobeba hukumu mara nyingi ni la namna hiyo hiyo: wote, pekee, daima, kwanza, zaidi.

Kutafsiri kichwani au kubaki na Kiingereza

Njia yoyote utakayoichagua, kuna uchaguzi mwingine unaofanyika kichwani bila mwenyewe kujua, nao kwa msemaji wa Kiswahili una uzito kuliko hata huo wa kwanza. Wengi wetu tunapokutana na sentensi ngumu huigeuza kuwa Kiswahili ili tuishike. Kwa habari ya jumla hakuna ubaya. Kwa maswali haya, ubaya upo, kwa sababu Kiswahili na Kiingereza havigawi idadi na wakati kwa namna moja.

Chukua neno "wengi". Kiingereza kina "many", yaani watu si haba, na kina "most", yaani zaidi ya nusu. Katika mazungumzo ya kila siku sisi tunasema "wengi" kwa yote mawili, na msikilizaji huelewa kutokana na muktadha. Sasa kifungu kikisema "many workers returned home" na kauli ikisema "most workers returned home", aliyetafsiri kichwani anaona "wafanyakazi wengi walirudi nyumbani" mara mbili, anaandika Kweli, anakosa. Kifungu hakikusema kama ni zaidi ya nusu. Jibu ni Haikusemwa. Msomaji makini atakuwa ameona kwamba katika aya ya reli na kauli zake nililikwepa neno "wengi" nilipohitaji kusema zaidi ya nusu. Nililikwepa kwa sababu hiyo hiyo.

"Few" na "a few" ni jozi nyingine. Zote hutujia kama "wachache", lakini ya kwanza inamaanisha wachache mno, karibu hakuna, na ya pili inamaanisha kadhaa, yaani wapo. Kisha kuna "in 1899" na "by 1899": ya kwanza ni mwaka 1899, ya pili ni kufikia mwaka 1899, huenda hata mapema zaidi. Kiswahili kinaweza kuzitofautisha, lakini anayetafsiri kwa haraka huandika "mwaka 1899" kote kuwili. Neno "hardly" huwaangusha hata wasomaji wazuri, kwa kuwa linafanana na "hard" na hutafsiriwa "kwa bidii", ilhali maana yake inakaribia "si", kwa hiyo sentensi nzima hugeuka juu chini. Na "used to", kama katika "people used to walk", hutujia kama "watu walikuwa wakitembea kwa miguu", tafsiri ambayo haisemi kama desturi ile imekoma. Kiingereza kinasema imekoma.

Kwa hiyo napendekeza hivi: tafsiri habari ukitaka, lakini maneno ya kiasi, ya wakati na ya kukanusha yaache katika Kiingereza chake, uyazungushie duara, na uyalinganishe neno kwa neno. Mwanafunzi aliyetengeneza orodha yake mwenyewe ya jozi ishirini za namna hii, akaipitia kila jioni kwa majuma mawili, hunufaika kuliko aliyejifunza maneno mapya mia tatu.

Swali la "Yes" na "No" si lile lile

Baadhi ya vifungu huleta "Yes", "No" au "Not Given". Watu hudhani ni jina jingine la kitu kile kile. Tofauti ni kwamba "True" na "False" hupima habari zilizomo, na "Yes" na "No" hupima maoni au madai ya mwandishi mwenyewe. Mwandishi akiandika kwamba wapo wanaodai kuwa reli ilikuwa hasara tupu, kisha kauli ikasema "reli ilikuwa hasara tupu", jibu si "Yes", kwa kuwa hilo ni dai la wengine. Inabidi utafute kama mwandishi amelikubali au amelikataa mbele ya safari, na kama amenyamaza, basi Haikusemwa. Hapo mizani yangu inainamia kusoma kwanza, kwani msimamo wa mwandishi haukai katika mstari mmoja. Hujengwa polepole, mara nyingine hadi aya ya mwisho. Na kwenye karatasi andika neno lile lile ambalo maelekezo yanalitaka, usibadilishe "Yes" kwa "True".

Nani achague ipi

Kwa kauli za Kweli, Si Kweli na Haikusemwa zinazopima habari, nawashauri watahiniwa wengi waanze na kauli, hasa wale ambao mwendo wao wa kusoma Kiingereza haujazidi maneno 150 au 180 kwa dakika, kwa sababu hao hawawezi kumudu gharama ya dakika sita mara tatu. Anayefanya IELTS ya mafunzo ya jumla hana haja ya kufikiri mara mbili: sehemu ya kwanza ni matangazo na maelezo mafupi ambayo hayahitaji kusomwa yote. Anayefanya mtihani kwenye kompyuta pia ataona njia hii inamkaa vizuri, maana kifungu hukaa upande wa kushoto na maswali upande wa kulia, na anaweza kuupaka rangi mstari alioupata. Kwenye karatasi kazi hiyo hufanywa kwa penseli, na kumbuka kwamba katika sehemu ya kusoma hakuna dakika za ziada za kuhamishia majibu.

Abaki na kusoma kwanza yule anayesoma haraka, yule anayekabili kifungu chenye "Yes" na "No", na yule ambaye kifungu chake kimeanza na orodha ya vichwa vya aya. Huyo wa mwisho asihesabu muda wa usomaji kama hasara. Amenunua majibu ya aina mbili kwa bei moja. Hata hivyo, sharti langu kwake ni moja: kusoma kwanza kumwongoze mahali pa kutazama, na si mahali pa kujibia. Kila jibu la Kweli na kila jibu la Si Kweli liwe na mstari uliopigwa chini yake kifunguni, na namba ya kauli iandikwe pembeni ya mstari huo.

Yupo na wa tatu, anayechanganya: husoma aya ya kwanza na sentensi ya mwanzo ya kila aya kwa dakika moja na nusu, ndipo anaingia kwenye kauli. Nimeona njia hii ikiwafaa waliokwisha kufanya mitihani kumi au zaidi ya mazoezi na wanaojua kujizuia wasivutwe na kifungu. Kwa anayeanza, huwa ni kisingizio cha kusoma kila kitu nusu nusu.

Ukitaka kuamua kwa ushahidi wako mwenyewe, chukua mitihani minne ya mazoezi yenye kundi la maswali haya. Fanya miwili kwa njia moja na miwili kwa njia nyingine, kwa saa iliyopimwa, na usihesabu alama tu. Kwa kila kosa andika ulikosea wapi: uliandika Si Kweli badala ya Haikusemwa, au Haikusemwa badala ya Si Kweli, au uliithibitisha kauli nusu. Anayekosea zaidi kwa namna ya kwanza anaongeza yaliyo kichwani mwake, na kushuka na kauli kutamsaidia. Anayekosea zaidi kwa namna ya pili anaupita mstari uliopo kwa sababu umevaa maneno mengine; huyo asome taratibu zaidi ndani ya uzio, njia yoyote atakayoitumia. Na dakika mbili za mwisho, kila penye pengo pajazwe. Kauli ambayo uliitafuta kati ya jirani zake wawili ukakosa mstari, iandikie "Not Given". Ile ambayo hukupata muda wa kuitafuta, andika lolote, kwa kuwa pengo halina alama na jibu lililokosewa halikupunguzii kitu.